Kopo la Mafuta ya Sangara

Jumatatu, 5 Juni 1995
Leo tena mchicha wa kuchemsha na chumvi. Nestory kasukuma sahani. Nikamuuliza, mume wangu, mafuta ya sangara vipi? Anasema walinzi wa kiwandani wamekaza, siku hizi hakuna kutoka na kitu. Tangu Pasaka wimbo ndio huo. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi hata mafuta ya vichwa tunanyimwa! Na kopo langu la kubebea mafuta eti limebaki huko huko.

Jumatano, 7 Juni
Nimepata oda ya keki. Naoka kwa rafiki yangu Malimi, kwenye sufuria la mchanga — Nestory hajui. Akijua tu, hela ya mboga ndiyo basi. Mteja ni binti wa mtaa wa Kiseke, anaitwa Queen. Ana adabu, kaniamkia shikamoo na goti kakunja. Anataka keki ya chokoleti, mwanawe anatimiza mwaka Jumapili. Blue Band bei mbaya, kwa hiyo ataleta mafuta yake. Ya sangara! Malimi kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nimesema lete tu. Ukikaangia vitunguu mpaka viungue, shombo linakwisha. Kakao itafunika litakalobaki.

Alhamisi, 8 Juni
Kopo ni langu.

Mfuniko una rangi nyekundu ya kucha. Mwanangu Faith aliupaka, nikamchapa. Kamba ya kushikia nilisuka mwenyewe. Queen kalileta limejaa pomoni. Nikamuuliza Queen, mumeo yuko kiwandani? Ndiyo, anakata minofu, kila wiki hakosi kumletea.

"Ana huruma sana, dada. Hawezi kuona tunakula mboga kavu."

Nikamwambia una bahati. Kwa mdomo huu huu! Na Faith analalamika mchicha unamkwama kooni.

Jumamosi, 10 Juni
Nimeoka. Malimi alitaka niyamwage mafuta, tena mlangoni kwa Queen. Sikumwaga. Binti wa watu hajui lolote, nina uhakika. Nimekaanga vitunguu, machozi yakanitoka, nikamwambia Malimi ni vitunguu. Keki imeumuka kuliko zote nilizowahi kuoka. Queen anataka iandikwe "Kutoka kwa Baba na Mama". Kwenye Baba nikakosea. Nikakwangua, nikaandika upya.

Shombo halipo kabisa. Nimeonja makombo, matamu. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jioni Nestory akaninusa nywele, akauliza nimepika nini. Mchicha, nikasema.

Jumapili, 11 Juni
Asubuhi Nestory kaniambia ana zamu. Zamu gani ya Jumapili, na shati la kanisani! Nimelipiga pasi mimi. Queen kaleta ujumbe: baba wa mtoto atapita mwenyewe kuchukua keki mchana.

Malimi nimemwomba aende sokoni. Kopo nimelisugua kwa majivu, rangi ya Faith nimeiacha. Liko mezani kwa Malimi, ubavuni mwa keki. Maneno niliyapanga tangu juzi, sasa silioni hata moja. Nikimfukuza, Faith atakula nini? Nikinyamaza, mwakani naoka ya miaka miwili.

Hodi. Ndiye, kile kikohozi chake. Anasema ametumwa keki ya Queen. Nimesema karibu, sauti imenitoka ndogo. Anavua viatu mlangoni, kainama, hajaniona bado. Soksi nilimfulia jana —