Nilizimia Nikiwa Angani

Ihanja,
Ikungi, Singida.
16 Juni, 2024.

Mpendwa Shangazi Rebeka,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko mnaistahimili? Sisi tu wazima kiasi. Mama anakusalimu sana. Alizeti tumeshapura, na mtama umetoa kuliko mwaka jana. Hakuna msiba nyumbani, kwa hiyo soma barua hii ukiwa umekaa, lakini usianze kulia.

Nimeshika simu mara nyingi nikupigie, nikashindwa. Ukiniuliza swali moja tu nitalia mimi, na hutaelewa kitu. Ndiyo maana naandika.

Unajua mwezi wa tatu nilikwenda Afrika Kusini kumtembelea kaka Emilian. Anafanya kazi kwenye klabu ya watu wanaoruka na miamvuli kutoka kwenye ndege, na yeye mwenyewe huruka. Akasema ameniandalia zawadi. Shangazi, mimi mwalimu wa chekechea nikapandishwa ndege ndogo, nikafungwa kwa mikanda kwenye kifua cha mwalimu wao, baba mmoja anaitwa Johan, kama mtoto aliyebebwa mbele.

Tukaruka. Nilitegemea tumbo lipande kooni kama basi linaposhuka mlima Sekenke. Halikupanda. Sikuhisi hata kuanguka. Niliona kama nimelala juu ya upepo mgumu. Hewa ilikuwa tele usoni lakini kifuani haiingii. Mashavu yalipigapiga kama nguo kwenye kamba, na sikio la kushoto likachoma kama linatobolewa. Mwamvuli ulipofunguka, tulivutwa kwa nguvu, miguu ikaanza kufa ganzi. Halafu moyo ukanyamaza. Ulipoanza tena ulikuwa unatetemeka tu, kama ndege aliyeshikwa mkononi. Giza. Sikuiona ardhi ikija.

Nilipofumbua macho nilikuwa majanini, na Emilian ananiita kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu ambayo sijamsikia akiitumia tangu ahame.

Johan alikuwa na majibu yote. Tumbo halikupanda kwa sababu ndege ilishatupa mwendo wa kasi kabla hatujaruka. Sikio ni mafua niliyokuwa nayo. Pumzi ni hofu. Ganzi ni mikanda iliyobana mapaja. Damu hubaki miguuni na mtu huweza kuzimia. "Huwatokea wageni," alisema. Tukacheka, tukaenda kula.

Ningeamini hivyo hadi leo, ila niliporudi sikio lilikataa kuzibuka. Nikaenda hospitali mjini Singida. Daktari, binti mdogo tu, alisikiliza kisa changu akicheka nami. Nilipotaja moyo, akaacha kucheka.

"Baba yako yupo?"

"Alishafariki."

"Aliumwa nini?"

"Hakuumwa kitu. Alikuwa anakimbiza ng'ombe walioingia kwenye mtama, akaanguka."

Akaweka kalamu chini. Siku hiyo hakuniruhusu kurudi nyumbani.

Walinipima umeme wa moyo, kisha wakanipeleka Dodoma kwa bingwa. Shangazi, sijui nikwambieje. Moyo wenyewe ni mzima, lakini umeme wake unachelewa kutulia baada ya kila pigo. Nikishtuka ghafla au nikikimbia sana, unaweza kuchanganyikiwa, na usipojirudi ndiyo basi. Ni kitu cha kuzaliwa nacho, hurithiwa. Bingwa anasema mikanda huenda ilichangia, lakini haamini ni mikanda peke yake. Na anaona kuna uwezekano mkubwa kwamba ndicho kilichomuua baba.

Bado nimeduwaa. Miaka yote tuliambiwa baba karogwa. Mzee Mughwai, mwenye ng'ombe wale, alihama kijiji kwa sababu ya maneno ya watu. Nilipomweleza mama, aliusogeza ugali pembeni. Kisha akasema, "Na Mughwai je?"

Emilian alinikasirikia nilipomwomba apimwe. Ameruka miaka yote bila hata kizunguzungu! Akaenda ili ninyamaze. Anao ugonjwa huu, Shangazi, kama mimi. Moyo uleule alikuwa akiurusha kutoka angani karibu kila siku. Sasa kazi yake ni kukunja miamvuli ya wengine.

Mimi natumia dawa, nafundisha, ila sikimbii tena na watoto.

Sasa wewe ni dada yake baba, tumbo moja. Ndugu wote wa damu tunatakiwa kupimwa. Mwaka jana ulituambia mwanao Noel alizimia uwanjani mpira ukiendelea, mkadhani ni kwa sababu hakunywa chai. Nilipokumbuka hilo mbele ya bingwa, nilimweleza hapohapo. Nakusihi, asicheze tena mpaka apimwe. Nenda naye, usingoje wiki ijayo. Mwambie daktari jinsi mjomba wake alivyokufa. Kipimo hakiumi, wanabandika nyaya kifuani, unalala tu.

Msalimie baba Noel, na dada Happiness na wanawe. Mama na dada Anastazia wanawaombea. Mungu awashike mikono mpaka mlango wa hospitali, na awarudishe nyumbani salama.

Mwanao akupendaye sana,

Dina