Nani Husema Basi

Jumatatu, 6 Oktoba 1958

Leo alikuja mwandishi wa gazeti kutoka New York. Viatu vinang'aa. Akakanyaga mavi ya kuku kabla hajafika mlangoni — nilifurahi!

Vernon alikuwa amevaa suruali safi. Aliposikia gari akakimbia kuvaa ile yenye madoa ya rangi. Mume wangu huyo, mchoraji mkubwa wa Marekani. Akamsimulia mgeni maisha yake: shamba la baba Nebraska, njaa, kuchora mabango ya petroli, kulala stesheni. Stesheni! Alilala kwa shangazi yangu, kitanda cha springi, na mayai kila asubuhi.

Nilipopeleka kahawa bandani anakochorea, nikakuta anaulizwa anajuaje kama picha imekwisha. Akafumba macho. Eti picha yenyewe humwambia. Humnong'oneza, "Basi, Vernon."

Mwandishi akaandika mbio mbio. Nikamuuliza kama anatumia sukari.

Jumanne, 7 Oktoba

Humnong'oneza! Anayenong'ona ni mimi, tangu tuoane. Vernon hajui kuacha. Anachora vizuri, halafu anaongeza, anaongeza, mpaka inakuwa tope. Ile kubwa ya buluu iliyompa jina — nilimpokonya brashi mkononi. Nikisema basi, huweka chini kimya kimya, kama mtoto aliyeitwa kuoga. Mwaka niliokwenda kumuuguza mama hakuambulia hata picha moja. Zote tulizichoma.

Zangu ziko nyuma ya tangi la maji moto, zimegeuzia nyuso ukutani. Kessler, anayemuuzia Vernon picha, aliwahi kuziona. Akasema, nzuri, shemeji, zinafanana na za Vernon. Mjinga! Nilizichora kabla sijamjua Vernon.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kessler amepiga simu. Lori la makumbusho linakuja keshokutwa asubuhi kuchukua picha mpya. Itatundikwa mlangoni, mbele ya kazi zote za maisha yake. Ikiharibika hakuna nyingine.

Mezani nikamuuliza Vernon kwa nini hakunitaja kwa yule mwandishi.

"Lorna, usianze."

"Nimeuliza tu."

"Sasa ulitaka nimwambie nini? Kwamba mke wangu ndiye ananiambia niache? Watanionaje? Hebu nisogezee viazi."

Nikamsogezea. Sijawahi kumdharau mtu kiasi hiki huku namlisha. Mgema kasifiwa, tembo lake tutaliona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Imekwisha. Mchana niliingia bandani kuchukua ndoo, yeye yuko nje anavuta sigara. Nikaiona. Nyeusi imetulia mahali pake, na ile njano ya chini, kushoto — Mungu wangu! Hajawahi kuchora hivi. Wala mimi. Machozi yalinitoka kwa hasira. Mkono kama ule kapewa bwege yule!

Nikachukua ndoo yangu nikatoka. Sikusema neno.

Baadaye

Naandika hapa hapa meza ya jikoni, maganda ya viazi pembeni. Dirisha liko wazi. Anaita kutoka bandani.

"Lorna! Njoo uone!"

Namenya.

"Wewe Lorna! Husikii?"

"Nasikia!"

"Njoo utazame kidogo, mpenzi. Sielewi hapa chini."

Mpenzi! Neno hilo hulitoa kabatini akiwa na shida tu. Nikamjibu kwa sauti tamu kabisa: "Iulize yenyewe!"

Nikasikia kicheko kidogo, cha uoga. Akaniita tena, polepole. Nikachukua kiazi kingine.

Sasa anafungua kopo. Najua la rangi gani, kifuniko chake kinalia. Nyeupe. Ataipaka palepale penye njano, na kesho lori litabeba tope.

Namdharau. Lakini ile njano haikunikosea kitu.

Nimesimama. Nimekaa tena. Neno liko mdomoni, fupi tu, na dirisha liko wazi. Akishachovya brashi huigonga ukingoni mwa kopo mara mbili, ndipo apake. Ndiyo tabia yake.

Amegonga mara moja —