Watoro Thelathini na Wanane

Jumatatu, 6 Machi 1978

Nimepata kazi! Miezi mitatu tu, lakini kazi. Daktari Muasya anafanya utafiti kwenye kliniki ya kifua, hapa karibu na Jogoo Road. Anataka kujua kwa nini dawa ni nzuri na watu bado wanakufa. Mwaka jana wagonjwa sitini na wawili walianza sindano za kifua kikuu. Thelathini na wanane wakaacha katikati. Sista Jecinta, mkuu wa kliniki, amewaandika kwenye mafaili kwa kalamu nyekundu: MTORO. Kazi yangu — niwatafute nyumba kwa nyumba, niwaulize. Mimi Wakiuru, mtafiti! Mama amecheka hadi akaketi.

Jumatano, 8 Machi

Dandora. Matope hadi vifundoni, nyumba nyingine hata paa hazijapata. Nimempata mtoro wa kwanza, Samatar, mpakiaji magunia kwenye duka la jumla. Mkewe Halimo alidhani nimetumwa kumkamata! Nilipoeleza akaniletea chai. Samatar anasema kibarua kinaanza saa moja asubuhi, usipokuwa getini nafasi yako inachukuliwa. Kliniki inafungua saa mbili. "Sasa dada, nife njaa au nife kifua?"

Fomu nayo haina nafasi ya maneno kama hayo. Nimeyaandika nyuma ya karatasi.

Ijumaa, 17 Machi

Nimefikia watoro kumi na tisa sasa. Viatu vimekwisha. Leo Makadara nimebisha kwa Ndung'u, fundi seremala. Akafungua mkewe, Wacuka. "Umechelewa, mwanangu. Tulimzika Januari." Yeye ndiye aliyenishika mkono. Nimekaa naye tu. Fomu sikuitoa.

Jumanne, 28 Machi

Hata chakula hakishuki! Nimepanga fomu zote kitandani, mafungu mafungu. Nimewafuatilia thelathini na mmoja. Watatu wamefariki. Wawili walihama. Wanne walikaripiwa kliniki mbele za watu, wakaapa hawarudi ng'o. Na ishirini na wawili — ishirini na wawili! — wanasema neno moja, kama waliokaa kikao: saa. Si ukaidi. Si uvivu. Saa ya kufungua mlango!

Nimekimbia kwa Daktari. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Umeyatoa wapi haya? akauliza. Nikamwambia niliwauliza tu.

Sista Jecinta alinuna. Wale wanne wamemchoma. Kisha akasema polepole kwamba ana wauguzi wawili kwa wagonjwa mia, na yeye pia hajawahi kuulizwa na mtu. Nikaona haya. Kweli, sikumwuliza.

Imeamuliwa hivi: kuanzia Jumatatu tutafungua saa kumi na mbili asubuhi, mwezi mmoja, tuone. Nimeruka ngazi mbili mbili!

Jumatatu, 3 Aprili

Naandika hapa hapa kwenye baraza ya kliniki, daftari gotini. Siwezi kungoja jioni! Jumamosi na jana nilizunguka nikiwaambia watoro wangu, huku nikiogopa hatakuja mtu. Nimefika giza halijaisha — wako kumi na watatu! Ovaroli, magunia matupu begani, mmoja na nyundo yake. Daktari yupo. Muuguzi yupo. Sindano zimechemshwa. Lakini ufunguo wa kabati la dawa anao Sista Jecinta, na Sista hajafika.

Saa kumi na mbili na dakika kumi. Daktari anatembea huku na huku. Nimewaambia wasubiri kidogo, anakuja. Anakuja kweli? Sijui.

Na robo. Mzee mmoja wa ovaroli ya buluu ametazama kunavyokucha, akatoka kwenye foleni, akapita geti. Basi. Akienda mmoja wataenda wote. Machozi yananilenga.

Amerudi! Anamvuta mwenzake mkono, mwanamume mwembamba anayekohoa hadi anashika ukuta. Na huyu, anasema, mwandike na huyu.

Kumi na wanne. Hakuna aliyeondoka. Ufunguo bado.