Siku Mathias Atakapoitwa kwa Jina

Majengo,
Songea.
6 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Tadei,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mwanza, na wifi yangu Lidwina hajambo? Kifua chako kimetulia? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukamia. Asubuhi kuoga ni kwa kujilazimisha. Mahindi tumeshavuna. Mama huko Hanga anatembea vizuri na fimbo yake, na kugomba bado anagomba.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikipiga simu na kumtaja Mathias, unakata. Barua utaisoma, hata kama ni kwa hasira.

Mwanao yuko kwangu salama. Shule anakwenda, maji anachota bila kutumwa. Ila kiberiti hakigusi. Nikimwambia awashe jiko, anakwenda kumwita binti wa jirani. Tangu kiangazi kilichopita, yeye na wenzake walipochoma nyasi kutafuta panya huko Hanga, upepo ukageuka na nyumba ya Mzee Pankrasi ikateketea, mtoto huyu amebaki palepale kwenye majivu.

Kwenye mafundisho ya kipaimara, katekista aliwaambia wajitambulishe. Wenzake wakataja majina na jumuiya zao. Mathias akasimama, akasema, "Mimi ndiye niliyechoma nyumba ya Mzee Pankrasi." Hapa mjini hakuna aliyekuwa akijua. Katekista aliponisimulia nililia, Tadei, tena mbele ya watu.

Ndipo nikampeleka Hanga. Mzee alikuwa amejishikiza kwa mwanawe masika yote, na nyumba yake mpya ilikuwa imefikia kuezekwa. Mathias hakusalimia mtu zaidi ya shikamoo. Alikata nyasi, akafunga matita, akapanda juu na kuezeka pamoja na watu wazima mpaka viganja vikachubuka.

Kazi ilipokwisha tukakaa kula ugali. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, kuchoma ulichoma, na mimi niliumia, sikufichi. Lakini kuezeka nako umeezeka. Ukijitaja kwa lile, ujitaje na kwa hili." Kisha akamuuliza nani atamsimamia kipaimara. Mathias akasema hana mtu. Mzee akanawa mikono, akasema, "Basi unaye."

Tangu siku hiyo nawaza sana. Tunawafundisha watoto kwamba Mungu anasamehe, nao wanajibu vizuri mbele ya katekista. Halafu huyu wako anasikia kwamba nyumbani kwao baba anamwita "yule". Amwamini nani? Kosa alifanya, simtetei. Lakini na wewe utotoni ulichoma nyasi zilezile, ukala panya hao hao ukalamba vidole. Tofauti yenu ni upepo. Nimekasirika nikiandika hili, na sitalifuta.

Kipaimara ni Jumapili ya mwisho ya Agosti. Askofu atamwita kwa jina, na Mzee Pankrasi atasimama nyuma yake, ameweka mkono begani mwake. Nilimuuliza Mathias anataka zawadi gani, nikidhani atasema viatu. Akasema, "Shangazi, baba aje aniite Mathias. Basi."

Sijui kama utapata ruhusa kazini. Usipopata, piga simu. Nitampa aipokee mwenyewe, mimi nitatoka nje.

Msalimie sana Lidwina. Mwambie asipunguze tena sauti akiongea na mwanawe kwa simu, eti wewe usisikie. Mama anawasalimu, Mzee Pankrasi naye anawasalimu. Mungu awashike mkono na kuwapa mioyo laini.

Naandika haya huku chai ikichemka. Nilipoamka leo nimekuta jiko limeshawashwa, na Mathias amechuchumaa kando yake anapepea makaa. Yeye amewasha, Tadei. Sasa ni zamu yako.

Dada yako akupendaye, hata ukinuna,
Walburga