Sadaka Niliyompa Paka wa Papa Mwamba

Jumapili. Theluji imeanza kuyeyuka na maegesho ya magari kule chini yamekuwa uji wa kijivu. Nimetoka ndani mara mbili tu leo, na mara zote sikufika mbali zaidi ya korido.

Kuna sauti moja haijanitoka tangu Alhamisi. Ni ya kengele ndogo, zile wanazofungwa paka shingoni. Kwa wiki tatu niliizoea ikija kutoka mwisho wa korido: inalia, inanyamaza, inalia tena, kwa sababu paka anatembea na kusimama. Alhamisi asubuhi ililia haraka haraka, mfululizo, na haikusogea. Ilibaki palepale mbele ya mlango wangu, ikilia mahali pamoja.

Nilipofungua, Ministre alikuwa amelala ubavu juu ya zulia langu la mlangoni, miguu yote minne ikipiga hewa.

Ngoja nianze nyuma kidogo. Nikianzia hapo nitajionea huruma.

Ministre ni paka wa jirani yangu, Papa Mwamba, mzee wa Lubumbashi aliyekuwa fundi wa treni. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Siku ya kwanza nilipomuuliza kwa nini paka anaitwa Waziri kwa Kifaransa, alinitazama kana kwamba jibu liko wazi.

"Anakula, analala, kazi hapana. Ungemwita nani?"

Naye hanijui kwa jina. Ananiita Tanzanie. Kila siku saa moja asubuhi huacha mlango wake wazi akifagia, na Ministre hutoka kutembea kwenye korido ya ghorofa yetu ya nane, kwa kuwa hapa ughaibuni, Etobicoke, na baridi hii, paka wa ghorofani hana pengine pa kutembea.

Mwezi uliopita baba yangu alipasuliwa moyo, Dar es Salaam. Mama alinipigia akiwa kwenye benchi la hospitali, nikisikia machela zikipita nyuma yake.

"Toa sadaka, mwanangu. Kila siku, mpaka baba yako atoke. Lisha chochote chenye roho. Kwa mkono wako, na kitu unachokula wewe mwenyewe. Na usimwambie mtu."

Nikasema ndiyo, Mama.

Mimi nasoma takwimu. Kazi yangu ya wiki ni kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba vitu viwili kwenda pamoja hakumaanishi kimoja kinakivuta kingine. Nawaambia hivyo kwa sauti kavu, na alama nawakata. Kisha narudi nyumbani na kuweka nadhiri. Sijui niliamini au sikuamini. Najua tu kwamba baba alikuwa amelala na bomba kooni upande wa pili wa dunia, na mikono yangu ilikuwa inataka kazi.

Nilikwenda kwanza kwa njiwa, pale kituo cha basi. Kuna kibao pale chenye picha ya mkono unaorushia ndege punje, imepigwa mstari mwekundu. Nikatii kibao, nikarudi na mkate wangu.

Hili ndilo linalonitatiza kuliko yote. Njiwa hana mwenyewe, nikakatazwa, nikatii. Ministre ana kengele, ana ukanda, ana mzee anayemchana manyoya, na mlango wa mzee huyo uko hatua kumi kutoka kwangu. Sikuuliza.

Najitetea hivi: nyumbani Tanga paka hawakuwa wa mtu. Walikuwa wa saa ya kula. Mama akimaliza kupara samaki anatupa vichwa uani, wanaokuja wanakuja. Mtu akipiga hodi kuomba ruhusa ya kulisha paka, mtaa mzima ungemcheka mpaka Idi. Tena sadaka ikitangazwa imeharibika, ndivyo nilivyolelewa. Kumuuliza Papa Mwamba kungekuwa kumwambia mtu.

Basi nikanyamaza, nikalisha.

Wali wa nazi. Samaki wa kukaanga niliyemtoa miba. Maandazi yaliyolowekwa kwenye maziwa. Siku nyingine wali na mchuzi, wenye vitunguu, ambavyo sasa nimejifunza kuwa ni sumu kwa paka. Alikuwa akila kwenye kiganja changu, halafu ananilamba vidole kimoja kimoja. Nikiri hapa, kwa sababu sina pengine pa kukiri: dakika zile tano ndizo pekee katika siku nzima nilizokuwa na uhakika kwamba baba ataishi.

Jumatatu baba akatoka hospitali. Mama alicheka kwenye simu kwa mara ya kwanza.

"Kaomba uji, kaukataa, kagombana na nesi. Huyo kapona huyo! Sadaka yako imefika, mwanangu."

Nadhiri ikawa imekwisha. Jumanne kengele ilikuja mlangoni, sikufungua, nilikuwa nachelewa chuo. Jumatano ilikuja tena, ikasimama, nikasikia kucha zikikwaruza mbao. Sikufungua. Hata sikujisikia vibaya. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Alhamisi ndiyo ile.

Papa Mwamba alikuja na kandambili, anakimbia, ufagio bado mkononi.

"Asali! Tanzanie, uko na asali? Mbio!"

Ninayo asali ya Tabora, aliyonifungia Mama kwenye chupa ya maji nilipokuja. Aliichota kwa kidole akampaka paka kwenye fizi, huku akimwita kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa jina la marehemu mkewe. Mimi nimepiga magoti pale na chupa. Kengele ikaanza kulia taratibu. Kisha ikanyamaza, na Ministre akafungua jicho moja.

"Sukari yake imeshuka," alisema mzee. "Ana kisukari. Ninamuchoma insulini asubuhi na magaribi, chakula yake ninapima kwa mizani. Haukujua?"

Sikujua.

Ndani ya teksi, kuelekea kliniki ya wanyama, alinishika mkono. "Wewe ndiye umemuokoa, ma fille, binti yangu."

Papa Mwamba anakijua Kiingereza cha kununulia vitu na cha kusalimia, lakini akiogopa kinamtoka chote. Kwa hiyo kliniki mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Daktari, dada mdogo tu, labda wa umri wangu, alieleza: wiki chache zilizopita sukari ya paka ilianza kupanda bila sababu, chakula ni kilekile, kwa hiyo aliongeza dozi ya insulini, na alipoona haishuki akaongeza tena. Leo dozi hiyohiyo imemwangusha. Hakuelewa. Kisha akaniomba nimuulize mzee, kwa upole, kama yawezekana alisahau akamchoma mara mbili.

Mimi nilielewa. Nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Insulini ilipandishwa ili ipambane na wali wangu, halafu mimi nikauondoa wali.

Nikamgeukia Papa Mwamba na kutafsiri.

"Anauliza kama labda ulisahau, ukamchoma mara mbili."

Alitazama viganja vyake kana kwamba vyenyewe ndivyo vingemjibu.

"Sijui," akasema. "Mwambie labda."

Nikatafsiri labda.

Sijawahi kutamka neno dogo kiasi kile na likanikwama kiasi kile.

Ijumaa alinionesha daftari lake. Kila sindano ina tiki, asubuhi na jioni, na vipimo vya sukari vya kliniki pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika ripoti za injini. "Iko hapa, nimeandika. Lakini kama niliandika na sikufanya? Ao nilifanya na sikuandika?" Aliuliza kwa utulivu, kama anauliza habari za mtu mwingine. Kisha akaniambia binti yake, Solange, anakuja Jumamosi kutoka Ottawa. Anamchukua Ministre. Na anataka wazungumze kuhusu nyumba ya wazee.

"Anasema kichwa yangu inachoka," alisema. "Mi namwambia hapana. Lakini na miye saa hii sijue tena."

Siku hiyohiyo aliwasimamisha watu wawili kwenye lifti akawaambia mimi ndiye niliyemwokoa paka wake.

Na hapa ndipo akili yangu ilipojifunga fundo ambalo hadi leo sijalifungua. Nilijua lazima niseme. Na niliogopa kusema, wala si kwa sababu ya aibu tu. Niliogopa kwamba nikisema, sadaka itaharibika, na baba yuko nyumbani siku ya tano tu, nyuzi bado ziko kifuani. Mimi! Mimi ninayewakata watoto wa watu alama!

Nilimpigia Mama, nikamuuliza kwa kuzunguka.

"Mama, sadaka ikijulikana, inakuwaje?"

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi nyamaza, mwanangu. Mwache baba yako apone."

Nilibaki nimekaa kitandani na wazee wawili kichwani. Mmoja nilidhani namlinda kwa kunyamaza. Mwingine nilikuwa naiua akili yake kwa kunyamaza. Nilijaribu kulipima jambo hili kama ninavyopima mambo mengine na nikashindwa hata kuchora mstari wa kwanza.

Jana asubuhi nilichukua karatasi. Niliandika kila siku niliyomlisha Ministre, saa, chakula gani, kiasi gani. Mwisho nikaandika Jumanne na Jumatano, na mbele yake: *hakupewa kitu*. Nikaweka jina langu lote, la kwangu na la baba. Nikapiga hodi.

Solange alifungua, koti bado mwilini. Kibebeo cha paka kilikuwa tayari karibu na mlango na Ministre ndani, anatazama kwa dharau kama kawaida yake. Nilimwambia Papa Mwamba kwanza, kwa Kiswahili, nimesimama. Kisha nikamwambia binti yake kwa Kiingereza. Sikusema habari za sadaka. Nilisema nilimlisha, sikuomba ruhusa, nikaacha ghafla, na tafadhali karatasi hii ifike kwa daktari.

Mzee alivaa miwani. Akaweka karatasi yangu kando ya daftari lake, akawa anashuka na kidole orodha zote mbili kwa pamoja. Siku niliyoanza, sukari inapanda. Dozi inaongezwa. Dozi inaongezwa tena. Siku niliyoacha. Alichukua muda wake wote. Alikuwa fundi tena, anatafuta ubovu ulipo.

Kisha akapiga daftari kwa kiganja hadi nikaruka.

"Solange! Unaona? Kichwa yangu iko muzima! Muzima kabisa!"

Solange alikaa chini bila kuvua koti.

Papa Mwamba akanigeukia mimi.

"Wali ya nazi," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Na samaki ya kukaanga."

"Ndiyo, Papa. Nisamehe."

"Miye nakula supu ya mukebe hapa, peke yangu, kila siku. Na weye unamupa Ministre wali ya nazi?"

Solange alicheka, kisha akajizuia. Mzee hakucheka. Alinisindikiza hadi mlangoni, akaufunga taratibu sana nyuma yangu, jinsi unavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Mpaka sasa sijui kama alikuwa na hasira au la. Mchana huo nilimwona Solange kutoka dirishani akiingia kwenye gari lake na mkoba tu, bila kibebeo.

Baba hajambo. Mama amenipigia leo asubuhi: katembea hadi barazani, kalalamika juu ya chai. Nilimwambia kila kitu. Akauliza, "Paka mzima?" Nikasema mzima. "Haya," akasema, na akahamia habari nyingine. Siku tatu nzima nilikuwa nimebeba jambo zito kama jiwe la kusagia, na kwake lilikuwa "haya."

Kwa hiyo sijui. Sijui kama sadaka ilifika, na kama ilifika, ilifika kwa nguvu ya nani, kwa kuwa chakula kilikuwa changu lakini mwili uliobeba mzigo wake ulikuwa wa paka wa mtu. Sijui kama nilikuwa nalisha kiumbe au nalisha hofu yangu. Nilipomlisha nilimdhuru, nilipoacha nikamdhuru zaidi. Bado kuna sehemu yangu, ndogo, yenye ukaidi, inayohesabu siku tangu niseme na kusubiri simu mbaya kutoka nyumbani.

Leo saa moja asubuhi kengele ilikuja. Ikasimama mlangoni. Kucha zikakwaruza. Niliketi sakafuni upande wangu, kiganja kwenye mbao, na sikufungua. Baada ya muda ikaondoka, ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza.

Nikasubiri niisikie imeingia kwao. Kisha nikaenda kupiga hodi.

"Papa, ni mimi, Tanzanie. Daktari wako anakuruhusu nazi?"

Kandambili zikaburuzika, zikasimama. Nikadhani hatajibu.

"Nazi, ndiyo," alisema kutoka ndani. "Chumvi, hapana."

"Na samaki?"

"Samaki? Samaki haiulizwe."

Nimepika wali wa nazi na samaki, bila chembe ya chumvi. Nimefunga sahani kwa kitambaa, mafundo mawili, Ministre asiweze kufungua. Saa saba mchana nimeipeleka. Sikuiacha chini mlangoni. Nilisubiri afungue, nikampa Papa Mwamba mkononi.