Mama Juu ya Shina la Mgomba

Mjukuu wangu Kokusima,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nyabiyonza tu wazima, na kahawa imeanza kuiva.

Nimeona picha za mwanao huko Ujerumani, kwenye bustani ya michezo iliyojaa midoli mikubwa, ambayo unasema mfano wake umejengwa katika nchi nyingi. Unauliza sisi tulichezea nini. Mkungu ukishakatwa, tulikalia shina la mgomba tukateleza nalo mlimani. Siku moja mama yangu alilifuata, maana lilikuwa chakula cha ng'ombe. Tukajua tutachapwa.

“Sogeeni,” akasema, akakaa mbele yangu. Tuliteleza hadi bondeni, naye akicheka.

Pichani wazazi wengine wamesimama pembeni. Wewe umejikunja ndani ya kigari cha watoto na mwanao, magoti kidevuni. Nilimwona mama yangu, nikashukuru.

Bibi yako