Panya Wanaokunywa Peke Yao

Nkololo, Bariadi
3 Juni 2024

Binti yangu Nyanjige,

Mama yako mzima, ng'ombe wazima. Mimi nina goti tu. Wewe je, na baridi ya Ujerumani?

Kaka yako Mayunga alikwenda kujitambulisha kwa Jilala, baba wa mchumba wake, akiwa amelewa. Alianguka mlangoni. Baba yako mdogo Ngassa asema tulikosea kumpa jina la babu. Babu alikunywa hadi kufa, na sasa jina lamvuta. Mimi sielewi. Ulisema kazi yako ni kuwanywesha panya pombe. Mmegundua nini? Mudathiri, anayetuchapia barua hizi dukani kwake mjini, amecheka: "Mwalimu, panya wa huko wananunuliwa pombe, wa hapa wananunuliwa sumu!"

Baba yako

19 Juni 2024

Mwangaluka, baba. Mimi mzima. Pole na goti.

Hatuwalazimishi. Kila panya hukaa peke yake na chupa mbili, ya maji na ya pombe, achague. Ubongoni mna vipokezi, mfano wa vitasa. Ufunguo wake ni kemikali ya kutuliza maumivu ambayo mwili hujitengenezea. Panya wetu wamezaliwa bila aina moja ya vitasa hivyo, kwa sababu jeni yake imeondolewa. Hao ni waoga kuliko wenzao, na hunywa zaidi; wakishakunywa, hutulia. Lakini panya si mtu, baba. Mayunga anaogopa nini? Mmemwuliza?

Binti yako, Nyanjige

8 Julai 2024

Binti yangu,

Hatujambo, tunashukuru. Kumbe ni kasoro ya kuzaliwa! Basi jina halina kosa, wala fimbo haina kazi. Nilimweleza Jilala hivyo, maana sifichi ukweli. Akasema, "Mwalimu, mimi sitaki wajukuu wa panya," akavunja uchumba.

Dawa iliyobaki ni kuiondoa chupa. Nimempeleka Mayunga peke yake kwenye kambi yetu ya ng'ombe, porini kupita Mwanhuzi, kusiko na kilabu wala jirani. Simu yake ninayo mimi. Atakaa huko mpaka mvua.

Baba yako

9 Julai 2024

Shikamoo baba. Leo salamu ni fupi.

Mfuate Mayunga leo hii. Panya wakitengwa na kutiwa hofu, mara nyingi huzidi kuifuata pombe. Tena mtu aliyezoea kunywa kila siku, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege, hata kufa. Mpelekeni hospitali. Niliandika habari ya hofu, nawe ukasoma habari ya kuzaliwa tu. Nimepiga simu ya mama, haipatikani.

Nyanjige

28 Julai 2024

Baba, mbona kimya? Mudathiri anasema hujafika dukani.

Nyanjige

11 Agosti 2024

Binti yangu,

Sote tu hai. Naanza na hilo ili upumue. Barua zako nimezisoma leo tu.

Mchunga ng'ombe mmoja, Mboje, alimkuta Mayunga akitetemeka na kuzungumza na watu wasiokuwapo, akamfikisha hospitali kwa pikipiki, kisha akaniletea habari. Nilipofika aliniuliza, "Baba, umefuata ng'ombe?"

"Nimekufuata wewe."

Hakuniamini. Nilikaa naye mpaka aliporuhusiwa.

Sasa yupo nyumbani, anakula. Bado sijui kama ni damu, ni jina, ni hofu, au ni mimi. Nilimwuliza anaogopa nini. Leo asubuhi naye ameniuliza kama panya wako, kazi ikiisha, hurudishwa kwa wenzao. Nimemjibu ndiyo. Akatabasamu.

Sijui kama nimesema kweli. Usiniambie.

Baba yako